Kitasa cha geti kwenye kirikuu: miezi minane ya kupeleka vifurushi Dar

Naanza na bei, maana najua ndiyo itakayoulizwa kwanza. Kitasa chenyewe 45,000, kazi ya fundi 30,000, na soda mbili. Jumla haikufika shilingi 80,000. Kilifungwa wiki ya kwanza ya Aprili, sasa tuko Desemba, na naandika haya nimeegesha Sinza namsubiri mteja aliyeniambia "natoka sasa hivi kaka" dakika kumi na mbili zilizopita. Mlango wa nyuma umefungwa. Nimeubamiza tu, ukajifunga wenyewe, nikaja kukaa mbele. Sifa kubwa ya kitasa hiki ni hiyo moja, ila kwa sisi wa vifurushi hiyo moja ni mshahara wa mwezi.

Gari langu ni Suzuki Carry DA63T, kirikuu ya kawaida, yaani pikapu ndogo, injini ya cc 660, na nyuma nimejengea boksi la chuma. Asubuhi napakia Kariakoo, halafu nazunguka Sinza, Mwenge, Mikocheni, na siku ikiwa mbaya nafika hadi Tegeta. Kwa siku ni vituo 35 mpaka 40. Viatu, vipodozi, blenda, mawigi, simu, yaani chochote ambacho mtu ameagiza mtandaoni usiku akiwa kitandani. Nina mkataba na kampuni ya kusambaza ambayo sitaitaja, bado inanilisha.

Siku ya kwanza kampuni hiyo ilinipa karatasi mbili za masharti ya ulinzi wa gari. Zima gari kila ukishuka. Chomoa ufunguo, utembee nao. Funga milango yote hata kama unashuka kwa dakika moja. Kifurushi kisikae kiti cha mbele wala mahali kinapoonekana kupitia kioo. Usibebe abiria. Usimwachie mlinzi ufunguo. Usilaze mzigo nyumbani bila ruhusa. Utingo lazima awe na namba ya NIDA, barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili. Nilisaini kila ukurasa, nikagonga dole gumba, nikazikunja, zikakaa kwenye dashibodi pamoja na karatasi za ushuru wa maegesho mpaka zikapauka kwa jua.

Masharti yenyewe sina ugomvi nayo. Nina shemeji yangu Minneapolis, naye riziki yake ni hii hii ya vifurushi. Tuliposomeana kwa simu tulicheka, maana ya kwao na ya kwetu ni mapacha: zima, chomoa, vuta breki ya mkono, funga. Kule majimbo mengi yameyaweka hayo hadi kwenye sheria za barabarani, huruhusiwi kuliacha gari peke yake linaunguruma. Shida ya karatasi yangu ilikuwa kwamba ukurasa wa kwanza ulinitaka nifunge kila nikishuka, na ukurasa wa pili ulinitaka nimalize vituo vyote kabla ya saa kumi na moja jioni. Sasa hapo unachagua mwenyewe ukurasa wa kuvunja, na sote tunajua huwa ni ule wa kwanza.

Wakati huo nilikuwa natumia komeo na kufuli. Niliwahi kupima kwa simu: kufungua kufuli, mkono mmoja una kifurushi, ni sekunde 14. Kulifunga ni sekunde 11. Zidisha kwa vituo 38, ni kama robo saa ya siku inaishia kwenye kufuli, tena juani, tena kuna bajaji nyuma yako inapiga honi. Kwa hiyo nilifanya kama madereva wote wanavyofanya. Nilikuwa nasukuma komeo, nalining'iniza kufuli wazi kwenye tundu, ukiliona kwa mbali unadhani limefungwa. Mwizi wa Kariakoo haangalii kwa mbali.

Alhamisi ya mwisho ya Machi, mvua imekatika kidogo, nipo Mtaa wa Aggrey, utingo hakuja siku hiyo. Nimepakia nusu, kufuli linaning'inia. Kijana mmoja msafi kabisa, amechomekea shati, akaniambia, "Kaka, tairi lako la mbele lina msumari." Nikainama kuangalia. Na kweli msumari ulikuwepo, umeingia nusu tu, hewa haitoki, nadhani aliuchomeka mwenyewe. Sikwenda ghorofani, sikuingia dukani. Nilikuwa nimeshika tairi la gari langu mwenyewe, hatua tatu kutoka mlango wa nyuma. Niliponyanyuka kijana hayupo, komeo liko wazi, na katoni moja imeondoka na blenda mbili na mawigi sita. Wakaondoka hata na kufuli.

Mzigo ulikuwa wa shilingi 460,000. Nikaenda kituoni, nikapata RB, ile namba ya taarifa ya polisi, nikaipeleka ofisini. Kampuni ikaipokea vizuri, ikaiweka kwenye faili, ikanikata 115,000 kila mwezi kwa miezi minne. Nilipouliza habari ya bima nikaambiwa nisome karatasi yangu mwenyewe. Nikasoma. Bima kubwa ninayolipia kirikuu inalinda gari, mizigo ya watu haimo. Ukitaka mzigo ulindwe unakata bima ya mizigo safarini, ni kitu kingine kabisa, na hata hiyo wanauliza kwanza kama gari lilikuwa limefungwa. Nimeipitia haraka hapa, ila wewe usiipitie haraka ukiwa unasaini.

Wiki iliyofuata nikashuka mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo. Kuna mzee mmoja wa kuchomelea ambaye ndiye aliyenijengea boksi.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Limepasuka wapi?"

"Halijapasuka. Nataka mlango ambao nikiubamiza unajifunga wenyewe, nisishike kufuli tena."

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. "Nyumbani kwenu hakuna geti?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Ule mlango mdogo wa kupitia watu kwenye geti la chuma una kitasa ambacho ukibamiza kinajifunga, nje kuna tundu la ufunguo tu, na ndani kuna kitufe cha kuvuta. Ulimi wake umekatwa mshazari na nyuma yake kuna springi. Mlango ukigonga fremu, ulimi unarudi ndani, halafu unaruka kuingia kwenye tundu lake. Miaka yote nimekipita kitu hicho asubuhi na jioni nyumbani kwangu Segerea, sijawahi kukitazama kama kifaa cha gari.

Nilikaa pale kutwa nzima nikimwangalia akifanya kazi, na naomba nieleze alivyofanya kwa sababu nimeona wengine wameiga vibaya. Kwanza alichomoa waya wa hasi wa betri kabla hajawasha mashine ya kuchomelea, umeme wa kuchomelea usije ukaua kompyuta ya gari. Pili, hakukichomelea kitasa. Alichomelea sahani ya chuma ya milimita 4 kwenye mlango, ikapoa, ndipo akakifunga kitasa kwa bolti, nati zikiwa ndani. Ukikichomelea moja kwa moja joto linalegeza springi na baada ya mwezi unabaki na pambo. Tatu, na hili ndilo lililonipa imani naye, alichukua ubapa wa msumeno, akabamiza mlango, akauingiza ubapa kwenye mwanya, akausukuma ulimi nyuma. Mlango ukafunguka sekunde mbili. Mimi moyo ukashuka. "Sasa ndiyo maana ya hiki," akasema, akachomelea kipande cha chuma cha pembe kikafunika mwanya wote kuanzia juu ya kitasa hadi chini. Akanipa ubapa nijaribu. Nilijaribu mpaka nikajikata kidole.

Bawaba nazo alizipiga nukta ya moto juu na chini ili pini isitolewe kwa nyundo. Wengi tunaimarisha upande wa kitasa na kusahau kwamba mlango una pande mbili.

Sasa matumizi. Kufungua ni sekunde 4, kufunga ni kubamiza. Kwa hesabu yangu naokoa dakika 12 au 13 kwa siku, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mlango haunisubiri mimi nikumbuke. Ukiwa umechoka kituo cha 30, jua la saa tisa, mteja anakupigia "uko wapi", akili haikumbuki kufuli. Mkono unakumbuka kubamiza, maana mlango lazima ubamizwe, gari haliwezi kutembea wazi. Tangu Aprili sijapoteza kifurushi. Mara moja, Mwenge, nilikuta mikwaruzo mipya kwenye kile chuma cha pembe, mtu alijaribu akachoka.

Ufunguo natembea nao kwenye kamba ya mkononi, wa suichi na wa boksi pamoja. Huwezi kufungua nyuma bila kuzima gari kwanza. Hili halikuwa kwenye karatasi ya kampuni, lilitokana na uvivu wangu wa kubeba funguo mbili, lakini limenifanya nitii lile sharti la kuzima kuliko saini yangu ilivyonifanya. Na kama una kirikuu ya zamani, jaribu jambo hili: chukua ufunguo wa mwenzako wa gari kama lako uujaribu mlangoni kwako. Wa rafiki yangu ulifungua mlango wangu wa dereva bila hata kusumbua, meno yamesagika na kitasa kimesagika. Tulicheka, halafu tukaacha kucheka. Nilibadilisha silinda, pale ufunguo unapoingia, za milango yote miwili.

Kasoro zipo, tena nyingine zimeniaibisha. Mwezi wa kwanza tu wa kutumia kitasa, hapa hapa Sinza, niliweka funguo juu ya katoni ndani ya boksi ili nibebe friji ndogo kwa mikono miwili, nikausukuma mlango kwa kiuno. Ukajifunga. Gari limezimwa, funguo ndani, vifurushi 22 ndani, simu yangu ina asilimia 9. Mke wangu alituma ufunguo wa akiba kwa bodaboda kutoka Segerea, saa nzima na shilingi 8,000. Watoto wa mtaa walikaa wananitazama kama sinema. Ndiyo maana sasa kamba iko mkononi na haitoki hata nikila.

Kasoro ya pili ni vumbi. Kiangazi cha Septemba ulimi ulianza kugoma, unabamiza unarudi wazi, na hatari yake ni kwamba sikio limeshazoea ule mlio wa kubamiza hivyo unaondoka ukiamini umefungwa. Nikaweka mafuta ya cherehani, ikawa mbaya zaidi baada ya wiki, mafuta yanakamata vumbi yanakuwa uji. Mzee wa Gerezani akaniambia nisafishe kwa petroli kidogo halafu nisage risasi ya penseli nipulizie unga wake ndani. Inafanya kazi. Kila Jumapili nasaga penseli ya mwanangu wa darasa la tatu, naye analalamika. Na kila nikibamiza sasa navuta mlango mara moja kwa vidole viwili. Ongeza sekunde moja kwenye hesabu yangu ya juu.

Utingo wangu alijifungia ndani siku moja Mikocheni, upepo uliubamiza mlango. Kile kitufe cha ndani ndicho kilichomtoa. Kwa hiyo fundi akikwambia atakiondoa ili kupata nafasi ya mzigo, mkatalie. Ndani ya boksi la chuma saa nane mchana Dar si mahali pa kumsahau mtu. Boksi lenyewe nimelitoboa matundu ya hewa chini ya paa baada ya krimu za mteja mmoja kuyeyuka, na tuseme ukweli, shiti za chuma na fremu zimekula zaidi ya kilo 100, wakati gari hili Japani limeandikiwa kubeba kilo 350. Najua mnaopakia saruji mifuko kumi na tano mnanicheka. Breki zenu hazicheki.

Usiku siamini springi peke yake. Nazungusha ufunguo mara mbili, ulimi unatoka mzima na kugoma kurudi, kisha naongeza kufuli la duara, lile ambalo chuma chake cha kufungia kimejificha nyuma, mkasi wa chuma haupati pa kuuma. Mchana nalo halina kazi.

Kuhusu kifaa cha kufuatilia gari, ambacho kampuni ilinilazimisha kununua, nitasema kwa ufupi maana kilinigharimu mara mbili ya kitasa na kimenisaidia chini ya nusu yake. Ni kiboksi chenye GPS na laini ya simu, kinaonyesha gari liko wapi, na kina rilei, yaani swichi ya umeme, ya kukata pampu ya mafuta ukitaka kulizima gari kwa mbali. Siku ya wizi wa Aggrey kilionyesha kwa usahihi kabisa kwamba gari lilikuwa Aggrey. Vifurushi havina GPS. Mwezi Juni kilinyamaza wiki tatu na wala sikujua, bando la laini lilikuwa limeisha. Nilipofuatilia nikagundua laini imesajiliwa kwa jina la mtu wa duka aliyenifungia, maana yake mwenye amri ya gari langu kwa mbali alikuwa yeye. Nikanunua laini mpya, nikasajili kwa kidole changu, nikahakiki kwa *106#, nikaibadilisha. Rilei yao nayo ilikuwa dhaifu, iliwahi kupata moto ikalizima gari barabarani, nimeiondoa na kuweka nzuri zaidi.

Na jambo moja msilipuuze: nenosiri. Changu kilikuja na 123456, na fundi hakuniambia nibadilishe. Julai 2022 CISA, shirika la serikali ya Marekani la usalama wa mitandao, lilitoa tahadhari kuhusu kifaa aina ya MV720 cha kampuni ya MiCODUS, baada ya watafiti wa BitSight kuonyesha kwamba mtu baki angeweza kufuatilia gari na hata kulikatia mafuta. Nenosiri la kiwandani lilikuwa ni hilo hilo 123456. Changu ni cha aina nyingine, lakini nilibadilisha siku hiyo hiyo niliyosoma.

Kampuni wamekiona kitasa changu. Msimamizi alikuja kupiga picha, akasema wataliweka kwenye masharti mapya, kila kirikuu iwe na mlango wa kujifunga. Nikamuuliza nani atalipa 75,000 za madereva. Akasema analipeleka juu. Hiyo ni Agosti. Kuna jambo jingine nililomwomba, lile sharti la kutomwachia mlinzi ufunguo walipeleke pia kwa wenye maegesho tunapopakia, maana pale vijana wanataka uliache gari frii bila breki ya mkono walisukume kupitisha wengine. Mimi nawaambia hapana, wananiita mzee wa masharti. Nalo liko juu.

Kama ningetoa alama: kitasa tisa kwa kumi, moja nimeikata kwa ajili ya lile vumbi. Fundi kumi, na msumeno wake. Kifaa cha kufuatilia tano. Karatasi ya masharti nane, ila walioipanga na walioupanga muda wa kumaliza vituo wakae meza moja.

Huyo anatoka sasa. Mzigo wake ni wa 35,000 malipo mkononi, na kwa hapa namwona ameshika noti moja ya elfu kumi na simu imezimika chaji.